Ukienda Udaipur, Yafuate Maji

Hotuba kwa wanafunzi na familia za Afrika Mashariki waliokusanyika Ahmedabad, India, kujiandaa kwa safari ya likizo. Imewekwa hapa kamili kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazazi wetu, kaka na dada zetu, wanafunzi mliokaa kule nyuma, habari za jioni.

Humu ndani wapo waliokuja kusoma. Wapo pia waliomleta mgonjwa hospitali, mgonjwa amepata nafuu, na sasa wanasubiri tarehe ya kumwona daktari tena. Nyote mna siku chache mkononi, na nyote mmeambiwa nendeni Udaipur, kilomita 260 hivi kaskazini mwa hapa. Mmeambiwa vizuri. Shida ni namna watu wanavyokwenda. Mtu anafika asubuhi, anaingizwa kasrini, jioni anapanda mashua, anapiga picha, anarudi. Ukimuuliza ameona nini, atakwambia kasri zuri, ziwa zuri, hekalu zuri.

Ni kweli, ni mazuri. Lakini kwa nini kasri limeegemea ziwa? Kwa nini ziwa lenyewe lina ukuta uliojengwa kwa mikono? Kwa nini watawala mashuhuri kwa vita waliuweka mji wao mafichoni, katikati ya milima? Na kwa nini mtawala wa nchi hiyo alipoingia hekaluni hakuhesabiwa kuwa mfalme?

Ngome, kasri, maziwa na mahekalu ya Udaipur ni habari moja, na kinachoiunganisha ni maji. Ndiyo maana leo ombi langu kwenu ni moja tu: yafuateni maji.

Nianze na jambo litakalomshangaza dereva wenu. Mkifika Udaipur, lalani, na asubuhi yake msiingie kasrini. Tokeni nje ya mji. Nendeni Chittorgarh, kilomita 112 upande wa mashariki, saa mbili kwa gari. Chittor ndiyo mama, Udaipur ni mtoto, na mtoto huwezi kumwelewa kabla hujajua mama yake alipatwa na nini.

Chittor ni mlima wa mwamba ulioinuka peke yake katikati ya tambarare, mita 180 kutoka chini. Ukuta wake unazunguka kilomita 13. Barabara ya kupanda inapita malango saba, moja baada ya jingine, kuanzia Padan Pol hadi Ram Pol, na kila lango limewekwa ili adui asiweze kukimbia moja kwa moja. Ndani kulikuwa na mashamba, mahekalu, makasri na vyanzo vya maji 84, ambavyo 22 vipo mpaka leo. Mkifika Gaumukh mtaona maji yakitiririka kwenye mdomo wa ng'ombe wa jiwe, yakiingia kwenye birika kubwa ukingoni mwa jabali. Maji Chittor walikuwa nayo. Sasa ilianguka kwa nini?

Ilianguka mara tatu. Mwaka 1303 mbele ya Alauddin Khalji wa Delhi, mwaka 1535 mbele ya Bahadur Shah wa Gujarat, yaani huku huku tuliko, na mwaka 1568 mbele ya Akbar, mfalme wa Dola ya Mughal. Kila mara sababu ilikuwa ile ile. Mlima uliosimama peke yake unazingirwa. Hakuna chakula kinachoingia, hakuna msaada unaopenya.

Sikilizeni habari ya mara ya tatu. Akbar alipiga kambi Oktoba 1567. Askari wake walichimba mashimo chini ya ukuta na kuyajaza baruti, na baruti nyingine ikalipuka kabla ya wakati, ikawaua wao wenyewe kwa mamia. Hawakuacha. Walijenga njia zenye kuta na paa, zikapanda mlima polepole, askari wakitembea ndani bila kufikiwa na risasi. Juu, aliyeongoza ulinzi aliitwa Jaimal. Usiku mmoja wa Februari 1568 alisimama ukutani kusimamia mafundi wanaoziba ufa. Akbar alimwona kwenye mwanga wa mienge, akachukua bunduki yake, akafyatua. Jaimal akaanguka. Usiku ule ule moshi ulionekana ngomeni: wanawake walikuwa wanajitupa motoni ili wasitekwe. Asubuhi wanaume walifungua malango wakatoka kufa. Mwandishi wa historia wa Akbar mwenyewe alitaja watu 30,000 waliouawa siku hiyo.

Mnapopita kwenye yale malango, mtaona vibanda vidogo vya mawe vya ukumbusho wa Jaimal na wenzake. Simamisheni bajaji, mteremke. Watalii wengi huvipita wakikimbilia mnara.

Mnara wenyewe, Vijay Stambha, ulijengwa na Rana Kumbha, mtawala wa Chittor, mnamo mwaka 1448. Una urefu wa mita 37, ghorofa 9 na vidato 157 ndani. Ngazi ni nyembamba, anayepanda na anayeshuka hupishana kwa kubanana. Siku ambayo ndani hakujafunguliwa, zungukeni nje polepole, maana kila ghorofa imechongwa miungu na majina yao yameandikwa.

Kosa kubwa la Chittor ni kutaka kuizunguka kwa miguu. Ngome ina urefu wa kilomita tano hivi juu, na kuipanda tu ni safari. Ukitoka stesheni kodi bajaji, mpatane bei ya kwenda, kuzunguka na kurudi, na mtaje saa: tatu au nne. Usipotaja saa, dereva atakuharakisha. Kosa la pili ni chakula ndani ya mfuko wa plastiki mkononi. Nyani wa kule wanaujua mfuko huo kuliko wewe. Kiweke chakula ndani ya begi, ufunge zipu.

Tumeiona ngome iliyoanguka. Sasa twende kwa mtu aliyeona mapema kwamba itaanguka.

Akbar alipofika Chittor, mtawala wake, Maharana Udai Singh wa Pili, hakuwamo. Alikuwa ameshaondoka kwenda milimani, na tangu mwaka 1559 alikuwa ameanza kujenga mji mwingine. Wapo waliomwita mwoga. Mimi nawaomba mpande kilima cha Machhla Magra, pale juu ya Dudh Talai, kabla ya kumhukumu. Kuna gari la kamba linalopandisha watu hadi hekalu la Karni Mata, na kuna ngazi kwa wenye miguu. Nendeni asubuhi, kwa sababu jioni foleni ya gari la kamba inaweza kuwala saa nzima na jua likazama mkiwa chini. Ukifika juu geuka pande zote nne. Utauona mji umekaa ndani ya bakuli la milima ya Aravalli. Milima ndiyo ukuta. Jeshi kubwa haliwezi kuizunguka, linaweza kupita kwenye mianya michache tu, na mwanya unalindwa kwa lango. Mmoja wake, Debari, mtaupita mkielekea uwanja wa ndege.

Na ndani ya bakuli kulikuwa na nini? Kulikuwa na maji.

Ziwa Pichola lilikuwapo kabla ya mji. Masimulizi ya huko yanasema lilianza karne ya 14, mfanyabiashara wa nafaka wa kabila la Banjara alipoziba kijito ili magari yake ya ng'ombe yaweze kuvuka. Udai Singh alilikuta, akaliinua tuta, ziwa likapanuka. Leo lina urefu wa kilomita nne na upana wa tatu hivi. Upande wa mashariki, pale kasri lilipojengwa, ndipo lilipo tuta. Mnaona? Kasri la Udaipur limekaa kando ya bwawa. Anayetawala maji ndiye anayetawala mji, na mtawala aliamua kulala karibu na lango la maji.

Hakuishia hapo. Kati ya mwaka 1559 na 1565 alijenga ziwa jingine mashariki, Udai Sagar. Waliomfuata wakaongeza mengine, kila mmoja lake. Mwishoni mwa karne ya 17 Jai Singh alichimba ziwa ambalo mafuriko yaliharibu tuta lake baadaye, na Fateh Singh akalijenga upya mwaka 1889. Ndilo Fateh Sagar la leo. Kisha wakayaunganisha. Mvua ikinyesha milima ya magharibi, mto Sisarma unaingiza maji Pichola. Pichola likijaa, maji yanapita Rang Sagar, yanaingia Swaroop Sagar, na kwa mfereji yanafika Fateh Sagar. Ziada inashuka mto Ahar. Ahar unaingia Udai Sagar. Ukitoka Udai Sagar unabadilika jina, unaitwa Berach. Na Berach unakwenda wapi? Unapita karibu na mlima wa Chittor! Maji ya mto huo, unaopita karibu na ngome iliyoanguka, yametoka kwenye mji uliojengwa na mtu aliyeiacha ngome hiyo.

Kwa hiyo siku ya pili iwe ya maji. Tembeeni kwenye madaraja madogo ya kati ya Pichola na Swaroop Sagar, karibu na Chandpol na Ambrai, muone mahali ziwa moja linapokabidhi maji kwa jingine. Baada ya mvua nzuri, milango ya Swaroop Sagar hufunguliwa na wenyeji hutoka na familia zao kutazama. Ni sherehe. Kwa nini wafurahie maji kumwagika? Kwa sababu kuna miaka ambayo hayakuja. Katika ukame mkali Pichola limewahi kukauka hadi watu wakatembea kwa miguu pale zinapopita mashua.

Hiyo ndiyo sababu ya kuchagua miezi vizuri. Masika ya kule ni Julai hadi Septemba. Mwezi wa Oktoba maziwa yamejaa, milima ni ya kijani, jua halijawa kali. Novemba hadi Februari ni baridi ya kupendeza mchana, lakini usiku wa Desemba na Januari halijoto hushuka chini ya nyuzi 10, na nyinyi watu wa Mombasa na Tanga mtalia msipobeba sweta. Aprili hadi Juni msiende: joto linapita nyuzi 40 na maji yameshuka. Na wiki ya Diwali, Gujarat nzima ina likizo na Gujarat nzima inakwenda Udaipur. Mkienda wiki hiyo wekeni nafasi ya kulala mapema sana, la sivyo mtalipa mara mbili au tatu kwa chumba cha nyuma kisicho na dirisha.

Mashua sasa. Zipo zinazoondoka ndani ya eneo la kasri, kwenye gati la Rameshwar Ghat, na hizo hupitia kisiwa cha Jag Mandir mkateremka. Zipo nyingine za Lal Ghat na Dudh Talai, za bei nafuu zaidi, zinazozunguka tu. Ya kasrini ina gharama mbili: tiketi ya kuingia eneo la kasri, halafu ya mashua. Na bei ya kuanzia alasiri iko juu sana kuliko ya asubuhi. Kama fedha ni ya kuhesabu, pandeni asubuhi, kisha jioni kaeni bure Ambrai Ghat, ng'ambo ya kasri, mtazame taa zikiwaka. Jioni ya Ambrai inaishinda ya mashua, hilo nalisema bila kusita.

Majini mtaona visiwa viwili. Cheupe kilichojaa jengo zima ni Jag Niwas, kilichojengwa na Jagat Singh wa Pili kati ya mwaka 1743 na 1746. Tangu mwaka 1963 ni hoteli, na asiye na nafasi pale hateremki. Msimruhusu mtu yeyote ufukweni awauzie tiketi ya kuingia. Kisiwa cha pili, Jag Mandir, ndicho chenye historia nzito. Miaka ya 1620 mwana wa mfalme aliyeitwa Khurram, aliyemwasi baba yake Jahangir, alipewa hifadhi pale. Khurram huyo ndiye Shah Jahan aliyejenga Taj Mahal, na ni mjukuu wa Akbar, yule yule aliyefyatua bunduki Chittor. Fikirini! Familia iliyoharibu mji wa mama, ikaja kuomba hifadhi katika maji ya mtoto, ikapewa. Na mwaka 1857, maasi dhidi ya Waingereza yalipowaka, familia za Wazungu zilizokimbia mji wa Neemuch zilifichwa kisiwani hapo hapo na Maharana Swarup Singh.

Kuna jukwaa dogo la mawe ziwani, Natni ka Chabutra. Wenyeji husimulia kwamba Maharana Jawan Singh alimwahidi mwanamke wa sarakasi nusu ya ufalme akiweza kuvuka ziwa juu ya kamba. Akatembea, akakaribia kufika. Mkuu mmoja wa baraza, kwa hofu ya nusu ya nchi kwenda, akaikata kamba. Mwanamke akazama, na kabla ya kuzama aliulaani ukoo. Muulizeni mwenye mashua awaonyeshe jukwaa hilo, kila mmoja ana namna yake ya kulisimulia.

Jioni kabla giza halijaingia piteni Saheliyon ki Bari, bustani ya mabibi wa kasri iliyojengwa na Sangram Singh wa Pili. Iko chini ya tuta la Fateh Sagar, na chemchemi zake zilibuniwa ziruke kwa msukumo wa maji ya ziwa lililo juu yake. Hakuna aliyehitaji pampu.

Sasa mnaruhusiwa kuingia kasrini. Siku ya tatu, mapema asubuhi, mlango unapofunguliwa. Si saa tano, ndugu zangu. Ifikapo saa tano magari ya vikundi yameshamwaga watu, na njia ya ndani ni moja tu, ya kufuatana. Korido ni nyembamba, milango mifupi, ngazi zinapinda. Zilijengwa hivyo kusudi, ili adui aingie mmoja mmoja ameinama. Leo zinawabana wageni. Wenye magoti mabovu na waliotoka kufanyiwa upasuaji wabaki ua wa chini, Manek Chowk, wenye vivuli na viti. Kule juu huwezi kugeuka katikati ukarudi. Tengeni saa tatu.

Kabla ya kuingia, inueni macho kati ya malango ya Badi Pol na Tripolia, muone mfululizo wa matao manane ya marumaru. Hapo Maharana alipimwa kwenye mizani, uzito wake ukalipwa kwa dhahabu au fedha, ikagawiwa watu. Mkiwa juu mtafika Amar Vilas, bustani yenye miti mikubwa na birika la marumaru. Mtu hujiuliza, miti hii imeoteshwaje ghorofa ya nne? Haikuoteshwa ghorofani. Kasri limejengwa kukizunguka kilima cha asili, na hapo ndipo kilele chake. Miti imesimama juu ya ardhi. Gusa udongo, ni udongo kweli.

Mor Chowk, ua wa tausi, ndio kila mtu anapopigia picha. Tausi watatu wametengenezwa kwa vipande vya vioo vya rangi vipatavyo 5,000, kazi ya wakati wa Sajjan Singh, karne ya 19. Sogea karibu utazame shingo: kila kipande kimekatwa kwa kufuata mkunjo, na kijani kinageuka bluu bila kuona mahali kinapoanzia.

Lakini chumba ninachowaomba msikipite haraka ni Krishna Vilas. Kimejaa michoro midogo ya maandamano, uwindaji na sherehe za maji. Ni ukumbusho wa Krishna Kumari, binti wa Maharana Bhim Singh. Alikuwa ameposwa na mtawala wa Jodhpur, mposaji akafa. Mtawala wa Jaipur akamtaka, na mrithi wa Jodhpur naye akamtaka. Majeshi yakaingia nchini kwa ajili ya msichana ambaye hakuulizwa. Mewar, yaani ufalme huu wa Chittor na Udaipur, wakati huo ilikuwa dhaifu, haikuwa na nguvu ya kumkatalia yeyote. Mwaka 1810, akiwa na miaka 16, alipewa sumu, akainywa, vita vikakosa sababu. Kasri lote limepambwa kwa ushindi. Chumba hiki ndicho kinachosema ulinzi wa mji ulipoishiwa ni nani aliyelipa.

Ukitoka lango la kaskazini, Badi Pol, shuka kidogo, upo Hekalu la Jagdish, lililokamilika mwaka 1651 chini ya Jagat Singh wa Kwanza. Vidato 32, tembo wa jiwe mwanzoni, na mbele ya mlango Garuda wa shaba, ndege anayembeba mungu Vishnu, amepiga magoti kumwelekea. Viatu viache chini kwa mlinzi, mpe rupia chache, usiviache ngazini. Mchana marumaru huchoma miguu, kwa hiyo bebeni soksi. Na alasiri hekalu hufungwa. Nendeni asubuhi au jioni wakati wa ibada.

Tukiwa kwenye mahekalu, lipo moja linalojibu swali langu la mwanzo. Eklingji, kilomita 22 kaskazini, katika kijiji cha Kailashpuri. Ndani ya ukuta mmoja kuna mahekalu 108, na kubwa lina sanamu nyeusi ya mungu Shiva yenye nyuso nne. Asili yake inarudishwa kwa Bappa Rawal, karne ya 8. Jengo la sasa kwa sehemu kubwa ni la Rana Raimal, karne ya 15. Kwa imani ya Mewar, mfalme wa nchi ni Eklingji mwenyewe. Maharana ni diwani wake tu, waziri anayeshika ufunguo kwa niaba. Ndiyo maana mji mkuu uliweza kuhama Chittor na nchi isife: mfalme halisi hakuwa ametekwa! Na hata mwaka 1615, Mewar ilipopatana na Jahangir na kurudishiwa Chittor kwa sharti kwamba kuta zake zisikarabatiwe kamwe, watawala hawakurudi kuishi kule. Walibaki karibu na maji yao na karibu na mungu wao.

Eklingji hufunguliwa kwa vipindi. Kati ya saa saba na nusu mchana na saa kumi na moja jioni mtakuta mlango umefungwa, na hapo ndipo wengi hufika wakitoka kula. Simu na kamera hazitumiki ndani, na vitu vya ngozi, yaani mikanda, pochi na saa za mikanda ya ngozi, viacheni garini. Mabega na magoti yafunikwe, kwa mwanamume pia. Sisi Waislamu na Wakristo tulio wengi humu tusihofu. Anayeingia kwa adabu na kusimama pembeni wakati wa ibada hasumbuliwi. Mgeni anayesukuma kupata picha ndiye anayesumbuliwa, na ni haki.

Wenye muda waendelee na barabara hiyo hiyo hadi Nathdwara, kilomita 48 kutoka mjini, ambako sanamu ya mungu Shrinathji ililetwa ikikimbizwa kutoka Govardhan wakati wa Aurangzeb, mfalme wa Mughal. Gurudumu la gari la ng'ombe likazama kijijini, kuhani akasema basi hapa ndipo anapotaka kukaa, na tangu 1672 yupo hapo. Mbele kidogo, Kankroli, lipo ziwa Rajsamand. Raj Singh alilijenga miaka ya 1660 na 1670, wakati wa njaa kali, ili watu wapate kazi na chakula kwanza, na maji baadaye. Kwenye tuta lake vimepachikwa vibao 25 vya marumaru vyenye historia ya ukoo kwa Kisanskriti. Tazameni tena: njaa, kazi, tuta, maji.

Siku ya nne ni Kumbhalgarh na Ranakpur, na hapa mpangilio wa saa ni kila kitu. Ondokeni saa moja asubuhi. Kumbhalgarh ni kilomita 84 hivi, barabara ya milima, saa mbili na zaidi. Tiketi za ngome hii na ya Chittor ni za serikali kuu: mgeni rupia 600, raia 40. Kutoka lango la Ram Pol la huku hadi Badal Mahal, kasri la juu, ni mpando mkali wa mawe, dakika 40 kwa mtu wa kawaida, na juu hakuna duka. Kila mtu lita moja ya maji. Ukuta una kilomita 36. Tembeeni kipande kifupi kuanzia langoni, inatosha kuona jinsi unavyofuata kila mgongo wa kilima. Rana Kumbha aliumaliza mwaka 1458, baada ya miaka 15.

Na kwa nini nimeiweka mwisho? Kwa sababu bila Kumbhalgarh pasingekuwa na Udaipur. Mwaka 1536 hivi, Banvir, mtu wa ukoo huo huo, alimuua mtawala wa Chittor akaja na upanga kumtafuta mdogo wa marehemu, Udai Singh, mtoto aliyelala. Yaya wake, Panna Dhai, alimtorosha mtoto ndani ya kikapu, akifunikwa majani. Kitandani akamlaza mwanawe wa kumzaa, Chandan. Banvir aliuliza yuko wapi, mama akaonyesha kitanda. Kisha Panna akamfuata yule mtoto mwingine kwa miguu, akabisha mlango mmoja baada ya mwingine bila kupokelewa, hadi Kumbhalgarh, mkuu wa ngome Asha Shah akamfungulia. Humo Udai Singh alifichwa, humo alitawazwa mwaka 1540.

Shukeni kabla ya saa tano na nusu, mwelekee Ranakpur. Hekalu la Wajaini pale lina nguzo 1,444 za marumaru, na wageni wasio Wajaini huruhusiwa kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na moja tu. Wanaoanza na Ranakpur asubuhi hungoja nje hadi saa sita, kisha wanafika Kumbhalgarh wamechelewa. Ngozi hairuhusiwi kabisa, hata mkanda. Kurudi mjini ni saa mbili na nusu.

Neno la mwisho la safari yenyewe. Treni haiondokei stesheni ya Kalupur mliyoizoea. Inaondokea Asarwa, jirani na hospitali kubwa ya serikali, kwenye reli iliyofunguliwa upya tarehe 31 Oktoba 2022. Wengi wamekosa treni kwa kusimama stesheni isiyo yake. Bebeni pasipoti halisi pamoja na viza au kibali cha ukaazi, kwa sababu kila nyumba ya wageni ni lazima imsajili raia wa kigeni, na zile za bei ya chini sana nyingine hazipokei raia wa kigeni kabisa. Ulizeni kabla ya kulipa. Ukichagua kulala Lal Ghat, jua kwamba teksi haifiki mlangoni, vichochoro ni vyembamba, mizigo mtaburuta wenyewe au mtapanda bajaji.

Mwenye mgonjwa aanze kuuliza, kisha wengine. Karibuni.